Mafua kidogo, moyo mbio: yaliyonikuta mimi

Dada uliyeuliza kwa nini mapigo yako yamefika 104 umelala tu, wakati siku zote ni 70 na una mafua ya kawaida: mimi yalinikuta mwaka jana mwezi wa saba, ile baridi ya Nairobi ya kulala na soksi. Hofu yako naijua.

Siku ya pili ya mafua saa ya mkononi ikaanza kulia. Nikaivua, nikaweka vidole viwili kwenye mshipa chini ya kidole gumba, nikahesabu sekunde 30, nikazidisha kwa mbili: 106. Saa haikudanganya. Jioni nikashuka kununua limau, na kurudi ghorofa ya nne moyo ulikuwa unagonga kama mwenye nyumba tarehe tano.

Kliniki ya mtaani daktari hakuanza na moyo, alianza na kipimajoto: 38.7. Akasema kila nyuzi moja ya joto inayopanda huongeza takriban mapigo 10 kwa dakika. Kawaida yangu ni 72, na joto lilikuwa karibu nyuzi mbili juu, kwa hiyo 92 ilishaelezeka. Hayo 14 yaliyobaki je?

"Umekunywa nini tangu asubuhi?" Chai nusu kikombe. Mkojo ulikuwa na rangi ya strungi. Maji yakipungua mwilini, damu ya kuzungusha nayo hupungua, basi moyo hufidia kwa kwenda haraka, hasa unaposimama.

Kisha akataka nitoe dawa zote mfukoni. Hapo ndipo niliona aibu. Nilikuwa nimenunua za mafua kwenye kemisti mbili tofauti, boksi mbili, majina mawili, na kwa maandishi madogo ya nyuma zote zina pseudoefedrini. Hiyo huzibua pua kwa kubana mishipa ya damu, na huchochea moyo vilevile. Nami nilikuwa nazishushia na kahawa! Wenye pumu wajue pia kwamba pampu ya salbutamoli hupandisha mapigo.

Wasiwasi nao usiudharau. Nilikuwa natazama ile saa kila dakika, na kila nikitazama inapanda.

Kama umetoka Pwani juzi, mwinuko wa Nairobi, takriban mita 1,700, unaweza kuongeza mapigo siku za mwanzo. Na ukiwa na homa baada ya safari ya Pwani au Kisumu, pima malaria kabla ya kuyaita mafua. Kama mapigo yalikuwa juu hata kabla hujaugua, omba upimwe damu na tezi ya shingo.

Ila ukipata maumivu ya kifua, ukikosa pumzi umekaa tu, ukizirai, au mapigo yakirukaruka bila mpangilio, funga simu uende hospitali leo leo. Virusi wakati mwingine huvimbisha msuli wa moyo, na hilo halitibiwi hapa jukwaani.

Mimi niliacha boksi zote mbili na kahawa, nikabaki na parasetamoli, maji na uji. Kesho yake asubuhi 86, siku ya tano 73.

Sasa pima joto, hesabu mapigo kwa vidole ukiwa umetulia dakika tano, halafu geuza boksi la dawa yako utuandikie kilichoandikwa nyuma.