Mbona Vinadondoka Ukutani?

SWALI: Shikamoo fundi. Mi napenda sana mapambo ya ukutani ya vitu chakavu, sa nina redio mbovu, kompyuta iliyokufa na vipande vya mbao, nikasema ngoja nijaribu. Nikabandika bodi (zile sahani za ndani zenye saketi) na vikorokoro vyake kwa gundi ya mbao, wiki haijaisha vinadondoka kimoja kimoja, alafu ukiitazama kwa mbali inaonekana jalala tupu. Jirani kanishauri nichome zile bodi ili vipande vitoke kirahisi. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Naanza na la jirani maana ndo limeniumiza, tafadhali usichome bodi hata moja. Moshi wake ni sumu, na bodi za zamani zimeunganishwa kwa lehemu yenye madini ya risasi, hiyo siyo kitu cha kupumua wala cha kuachia watoto wachezee. Kitu kikigoma kutoka kiache hapohapo kwenye bodi, mara nyingi ndo kinapendeza zaidi. Hata kuikata kwa msumeno mi sishauri, bodi nyingi ndani ni nyuzi za kioo na vumbi lake linawasha kifuani. Ukilazimika, kata nje, ilowanishe, vaa barakoa, ukimaliza nawa mikono ndo ule. Betri toa mwanzo kabisa na usizitoboe, zile za lithiamu zinawaka. Na TV za kichogo na maikrowevu usifungue kabisa, zinaweza kubaki na umeme mkali hata kama zimechomolewa kitambo.

Sa kudondoka. Gundi ya mbao inashika kwa kunywewa na mbao, chuma na plastiki havinywi, kwahiyo inakauka juujuu tu afu inabanduka. Tumia epoksi, ile ya kuchanganya mirija miwili, ila kwanza futa mafuta na vumbi kwa spiriti, kwaruza kwa msasa sehemu ya kubandika. Vizito funga kwa skrubu, bodi nyingi zina matundu yake tayari. Tundu la kwenye kitu unachofunga, siyo la kwenye mbao, liwe kubwa kidogo kuliko skrubu, kwasababu mbao inavimba na kusinyaa kadiri hewa inavyobadilika, ukiibana sana inapasuka au inasukuma kila kitu. Mbao mbichi ndo balaa kabisa, isubiri ikauke.

Hilo la jalala ndo napenda kuliongelea. Umeweka kila ulichonacho. Chagua umbo moja, mfano samaki: vitufe vya kibodi viwe magamba, sahani ya hadi diski (kile kisanduku cha kuhifadhia kumbukumbu ndani ya kompyuta) iwe jicho, inang'aa kama kioo yani huhitaji rangi. Hadi diski inafunguliwa kwa bisibisi ya nyota yenye ncha sita, taratibu, na za laptopu sahani zake nyingi ni kioo kweli, ukizikunja zinapasuka usoni. Magamba anza kupanga mkiani kwenda kichwani, kila mstari ulalie kidogo uliotangulia, ukianzia kichwani utajikuta unayabandika kinyume. Waya za rangi weka kwenye mapezi basi, siyo kila mahali. Mbao inayobaki iache wazi, ipige msasa namba 80, alafu 120, malizia na 220, mistari yake itoke, ndo hapo samaki anaonekana yuko majini. Na usigundishe siku hiyohiyo! Panga sakafuni, piga picha, kalale, asubuhi utaona mwenyewe cha kuondoa.

SWALI: Fundi, mbao za paleti, zile fremu za kubebea mizigo, zinafaa?

JIBU: Zinafaa sana, ila angalia mhuri kwanza. Ukiona HT imetibiwa kwa joto, chukua. Ukiona MB imefukizwa kwa methili bromidi, gesi ya sumu ya kuulia wadudu, hiyo iache hata kama ni nzuri vipi, na yenye madoa ya mafuta usiyoyajua iache pia. Misumari ing'oe yote kabla ya kupiga randa.