"Mishipa" ipi hiyo? Kuhusu neva, fahamu na uti wa mgongo

SWALI: Mimi ni muuguzi kwenye kliniki ya kisukari, Morogoro. Tunaandaa karatasi ya kuwapa wagonjwa kuhusu ganzi ya miguu. Mwenzangu aliandika, "Sukari ikikaa juu muda mrefu huharibu mishipa ya miguu." Nikasahihisha, nikaweka "neva za miguu". Msimamizi wetu kafuta zote mbili, kaandika "mishipa ya fahamu". Nani yuko sahihi? Halafu la pili: uti wa mgongo ni mfupa, au ni ile kamba ya neva inayopita ndani ya mfupa?

JIBU: Wote watatu mmeandika Kiswahili, hapo sina ugomvi na mtu. Ila sentensi ya mwenzako ndiyo ningeigusa kwanza, kwa sababu katika ugonjwa huu hasa neno "mishipa" peke yake lina mtego. Wewe unajua kuliko mimi kwamba kisukari hushambulia mishipa ya damu ya miguu na pia hushambulia neva za miguu, na mambo hayo mawili hayafanani. Mguu uliokosa damu huwa wa baridi. Mtu akitembea kidogo shavu la mguu linabana, akisimama linaachia. Mguu ulioharibika neva unaweza kuwa na joto lake kama kawaida, damu inafika vizuri, lakini mwenye mguu kandambili imemvuka njiani na hana habari. Kakanyaga msumari asubuhi, jioni anashangaa damu imetoka wapi sakafuni. Mgonjwa wa pili akisoma "mishipa ya miguu", atawaza damu, atajipapasa, ataona mguu una joto, atajihesabu mzima.

Kosa si la mwenzako. Neno lenyewe ndivyo lilivyo. Kiswahili kiliita mshipa chochote kilichofanana na uzi au kamba mwilini, bila kuuliza ndani kinapita nini. Damu inapita kwenye mshipa. Kano zinazounga msuli na mfupa, wengi huziita mishipa pia. Ukiambiwa fulani "ana mshipa", hasa pwani, jua ni ngiri na huenda anasubiri kupasuliwa. Mtu akibishana hadi mishipa ya shingo imemsimama, hiyo ni ya damu, tunaiona wote. Na yule aliyekatika mshipa wa aibu, huo hakuna daktari aliyewahi kuuona, lakini ukikatika mtaa mzima unajua.

Tusione haya kwa mchanganyiko huu. Wagiriki wa kale walikuwa nao vilevile: neno lao neuron, ambalo ndilo mzizi wa neuroni tunazosoma leo, lilikuwa na maana ya kano, na hata uzi wa upinde. Kilatini, nervus, hivyo hivyo. Kiarabu nacho kina neno asab linalobeba neva na kano kwa pamoja. Ilibidi wapasuaji wa Aleksandria, Misri, katika karne ya 3 KK, Herophilus akiwa mashuhuri kati yao, wafungue miili na kuzitenga neva na kano pamoja na mishipa ya damu, wakaona pia kwamba zipo zinazohusika na hisi na zipo zinazohusika na mwendo. Wenzetu waliendelea na neno lile lile wakalibana maana. Sisi tulilibakiza mshipa na uwanja wake wote, tukaliongezea kivumishi: mshipa wa damu, mshipa wa fahamu. Baadaye tukakopa neva.

Sasa msimamizi wako. "Mishipa ya fahamu" ni istilahi yenye heshima zake, na imeenea. Hata taasisi ya mifupa pale Muhimbili, MOI, hujitambulisha kwa tiba ya mifupa, ubongo na mishipa ya fahamu. Mgonjwa ameshaisikia redioni. Tatizo langu ni hilo neno fahamu. Linatoka kwenye Kiarabu, kuelewa, na katika Kiswahili limeshika kazi mbili. Kuna milango mitano ya fahamu: kuona, kusikia, kunusa, kuonja, kugusa. Na kuna kupoteza fahamu, yaani kuzirai. Kwa hiyo "mishipa ya fahamu" inafaa vizuri kwa neva inayoleta habari ya mchomo wa mwiba kutoka unyayoni. Lakini neva inayopeleka amri kwenye msuli wa paja haifahamu kitu. Ni mjumbe anayeshuka na barua. Na kuna neva ya kumi kati ya jozi 12 zinazotoka kichwani, vagasi, inayoteremka hadi moyoni na tumboni: inapunguza kasi ya moyo, inasukuma chakula, na wewe umelala fofofo. Kisukari kikimgusa huyo, chakula hukaa tumboni kuliko inavyopasa. Ukimwambia mgonjwa kwamba "mishipa ya fahamu ya tumbo" imeharibika, usishangae akikujibu kwamba mbona fahamu zake anazo timamu.

Kwa sababu hiyo namuunga mkono aliyeandika neva, lakini kwa masharti. Neno litambulishwe mara moja, litumike baada ya hapo bila kubadilishwabadilishwa. Na litumike kwa sarufi yake. Neva ni ya ngeli ya I-ZI: neva imebanwa, neva zimebanwa. "Maneva" tuyaache. Vilevile tusichanganye upatanisho na mshipa, ambao ni U-I: mshipa umeziba, mishipa imeziba. Nimeona maandishi yanayoanza na "neva" na kumaliza na "imeharibika yote", ikaonekana wazi kwamba mwandishi alifuta mishipa, akaweka neva na kuyasahau yaliyofuata.

Mtu akikuuliza kliniki neva ni nini hasa, usianze na seli. Mwambie agonge kisugudi ukingoni mwa meza (wengi siku hizi husema kiwiko, ingawa kuna wanaokiita kiwiko kile kifundo cha mkono, basi mwonyeshe kwa kidole). Shoti ile inayopita hadi kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete ni neva imegongwa pale inapopita karibu na ngozi. Hakuna damu iliyomwagika, hakuna kitu kilichovimba. Mshipa wa damu ni bomba, neva ni waya. Bomba likikatwa linamwaga. Waya ukikatwa, huko mbele taa inazimika. Ulinganisho huu una mapungufu, maana umeme wa neva hauendi kwa kasi ya umeme wa ukutani: neva zenye mbio hufikia kama mita 120 kwa sekunde, na zile nyembamba za maumivu ya kukokota huenda mita moja hivi. Ndiyo maana ukijigonga kidole cha mguu, kwanza unajua umejigonga, halafu ndipo uchungu unakuja taratibu. Waya mrefu ndio huwahi kuharibika katika kisukari, na hii inaeleza kwa nini ganzi huanzia vidole vya miguu, si magotini.

Kuhusu uti wa mgongo: ni mfupa. Tukisema kilimo ni uti wa mgongo wa taifa, hakuna anayewaza neva. Tunawaza kile kinachoshikilia mwili usianguke. Mfupa wenyewe umegawanyika pingili, neno lile lile la muwa, na limekaa mahali pake kabisa: 7 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, kisha zilizoungana huko chini. Kilichopita ndani ya tundu la pingili hizo wapo wanaokiita uboho wa mgongo, wapo wanaokiita ugwe wa mgongo. Mimi nachagua ugwe, yaani kamba nyembamba, kwa sababu uboho tayari una kazi ndani ya mifupa, ya kutengeneza damu.

Kwa kuvipa jina moja vitu hivi viwili tunajiletea hofu bure. Ugonjwa tunaouita homa ya uti wa mgongo haupo kwenye mfupa. Ni uvimbe wa utando unaofunika ubongo na ugwe. Daktari akitaka kuthibitisha, huomba "maji ya uti wa mgongo", na hapo ndugu wa mgonjwa huanza kukataa: mtoto atapooza, sindano itachoma uti. Kumbe kwa mtu mzima ugwe una urefu wa sentimita 45 hivi na unaishia kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, wakati sindano huingia chini ya hapo, kati ya ya tatu na ya nne, au ya nne na ya tano. Huko kuna neva zinazoning'inia majini kama mkia wa farasi, na ndivyo madaktari walivyouita mkusanyiko huo. Ukiwa na maneno mawili, uti na ugwe, maelezo haya unayatoa kwa dakika moja. Ukiwa na moja, utazunguka hadi ndugu waondoke.

Hukuniuliza hili, lakini nitalisema kwa kuwa karatasi yenu inahusu ganzi. Msiandike "kupoteza hisia za miguu". Hisia kwa masikio ya wengi ni mapenzi, hasira, huzuni. Wagonjwa wenu husema miguu haisikii, imekufa ganzi, inawaka moto usiku, wanatembea kama wamekanyaga sufi. Andikeni hivyo hivyo. Ila mkiwa mnapima ganzi kwa ule uzi wa nailoni wa gramu 10, unaobonyezwa unyayoni kuona kama mguu unahisi, msiulize "Unasikia?" Niliwahi kumsindikiza mzee wangu kwenye kipimo hicho. Muuguzi kamwambia afumbe macho, kagusa unyayo, kauliza, "Babu, unasikia?" Akajibu, "Nakusikia, mjukuu wangu." Kila mara, mguu wa kulia na wa kushoto, nakusikia. Ikaandikwa kwamba miguu ni mizima. Heri kumwambia, "Babu, nikikugusa sema hapo."

Karatasi yenu ningeianza hivi: "Sukari ikikaa juu muda mrefu huharibu neva za miguu, yaani nyuzi zinazopeleka habari kati ya mguu na ubongo, ambazo wengine huziita mishipa ya fahamu. Neva zikiharibika, mguu hufa ganzi: unaweza kuumia usijue. Kagua nyayo zako kila jioni, na ndani ya kiatu pitisha mkono kabla hujavaa." Habari za mishipa ya damu ziwekeeni aya yake, chini.