Umemjua Marth kupitia Smash na sasa unataka Fire Emblem? Soma hii kwanza

Kila tukikusanyika kucheza Smash, lile gemu la Nintendo la kupigana linalokusanya wahusika wa magemu tofauti, lazima kuna mtu atauliza, hivi hawa jamaa wa mapanga wametokea wapi na mbona wako wengi hivi? Kwenye Super Smash Bros. Ultimate wako wanane na wote wametoka ukoo mmoja, Fire Emblem, mfululizo wa magemu ya kupanga vita: Marth, Roy, Ike, Robin, Lucina, Corrin, Chrom na Byleth. Sasa mtu akishaambiwa jina anaenda kulitafuta hilo gemu akitegemea kipigo kilekile cha Smash, anakuta ramani imegawanywa vyumba kama ubao wa drafti, watu wanasogea kwa zamu, maongezi mengi, basi nusu saa tu kashachoka kazima. Mimi niliingia kwa mlango huohuo wa Smash na bado nacheza mpaka leo, kwa hiyo acha nikuambie vitu ambavyo vitakubakisha ndani.

Kwanza usione aibu kwamba umeanzia Smash, maana karibu dunia nzima nje ya Japani imeanzia huko. Fire Emblem la kwanza lilitoka Japani 1990 kwenye Famicom, mashine ya zamani ya Nintendo, kampuni ni Intelligent Systems, mbunifu wake Shouzou Kaga, na kwa miaka kumi na tatu magemu yote yalibaki hukohuko. Halafu 2001 ikaja Smash Melee ikiwa na Marth na Roy ndani, wanaongea Kijapani kabisa hata kwenye toleo la Marekani, watu wakabaki wanajiuliza hawa ni kina nani. Kichekesho ni Roy: aliwekwa kwenye Smash kabla gemu lake mwenyewe halijatoka, maana The Binding Blade lilitoka Machi 2002, na mpaka sasa hivi ninavyoandika halijawahi kutolewa rasmi kwa Kiingereza. Yaani kuna watu wamempenda Roy zaidi ya miaka ishirini na hawajawahi kucheza hadithi yake. Gemu la kwanza kuvuka Japani likaja 2003, lile la Lyn, Eliwood na Hector kwenye Game Boy Advance.

Ila Smash ina mambo inakudanganya na mengine inakuambia ukweli. Ukweli upo kwa Robin. Ukitumia sana uchawi wake, kitabu kinaisha anakitupa, panga lake la radi nalo linaisha, na watu wanaona ni kero. Hiyo imetoka moja kwa moja kwenye Fire Emblem, kwenye magemu mengi silaha ina idadi ya matumizi, ikiisha imevunjika, kwa hiyo unajifunza kutompiga mwizi wa njiani kwa silaha ya bei mbaya. Uongo uko kwenye namna wanavyopigana. Kule Marth anarukia kundi la watu watatu peke yake anatoka mzima. Huku mtume mtu wako peke yake katikati ya adui watatu uone. Na akifa, amekufa. Harudi sura inayofuata, harudi mwishoni, hadithi inaendelea bila yeye (akifa shujaa mkuu ndio gemu lenyewe linaisha).

Hapo ndipo watu wengi wanakimbia, kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: tangu 2010 wameweka hali ya Kasual, ambayo aliyeanguka anarudi baada ya pambano. Ichague hiyo kama ndio unaanza, na usimsikilize mtu anayekuambia sio gemu halisi. Ukishazoea nenda Klasiki, ile ambayo aliyekufa harudi, kwa sababu utamu wote wa kukaa dakika tano unafikiria hatua moja unatokana na ile hofu ya kumpoteza mtu uliyemlea tangu leveli ya kwanza.

Nianzie wapi? Angalia ulimpenda nani kwenye Smash. Kama ni Lucina, Chrom au Robin basi ni Awakening, lilitoka Japani 2012 na kwingine 2013 kwenye 3DS, mashine ya mkononi ya Nintendo, na mimi nasema hili ndio la kuanzia kama unaweza kulipata. Watengenezaji wenyewe walikuja kusema kwamba waliambiwa mauzo yakishuka chini ya 250,000 ndio basi tena, mfululizo unafungwa, na ukilicheza unaona kabisa ni watu walioamua kutumbukiza kila kitu walichonacho, ndoa, watoto kutoka siku zijazo, mashujaa wa magemu ya zamani. Tatizo duka la mtandaoni la 3DS lilifungwa Machi 2023, kwa hiyo imebaki kaseti tu, na kabla hujatoa hela mwambie muuzaji aiweke kwenye mashine iwake mbele yako. Kama ulimpenda Byleth basi ni Three Houses ya 2019, hiyo iko kwenye mashine ya Nintendo Switch na inapatikana kirahisi, ila jiandae, nusu ya gemu unakuwa mwalimu wa shule unakunywa chai na wanafunzi. La Lyn nalo liko kwenye huduma ya kulipia ya Switch, ile daraja la juu, tangu 2023, na sura zake za mwanzo zinakufundisha kwa kukushika mkono kabisa.

Haya, umeshaanza. Kitu cha kwanza kuangalia kabla hujagusa adui sio nguvu, ni kasi. Kwenye Awakening ukimzidi adui kasi kwa pointi tano unampiga mara mbili, na yeye akikuzidi tano anakupiga wewe mara mbili, kwa hiyo mtu mwenye nguvu za kawaida ila mwepesi anaua kuliko jitu zito. Baada ya hapo ndio pembetatu ya silaha: upanga unalishinda shoka, shoka linaushinda mkuki, mkuki unaushinda upanga. Three Houses waliitoa hiyo pembetatu kama sheria ya msingi, kwenye Engage, gemu la 2023, wakairudisha kwa ukali, ukimpiga kwa silaha inayoshinda yake anaidondosha na hawezi kujibu shambulio.

Halafu asilimia, ile namba ya nafasi ya pigo kumpata mtu. Watu wanalia sana na asilimia. Kwenye Awakening gemu halirushi namba moja ya bahati, linarusha mbili linachukua wastani, kwa hiyo ukiona 75 uhalisia wako ni kama 87 na nusu, ukiona 90 ni kama 98, na adui akionyesha 25 kwako ni kama 12 na nusu tu. Maana yake kubwa iko kwenye kukwepa: mtu mwepesi ambaye adui wote wanaonyesha 30 kwake ni salama kuliko unavyodhani, na yule ambaye wanaonyesha 60 yuko hatarini kuliko unavyodhani. Mimi nikishaona adui ana zaidi ya 50 kwa mtu wangu mnyonge, nahesabu kwamba atapigwa, napanga kutokea hapo.

Tuchukue mfano, sura ya tano ya Awakening, ile ya mpakani ambapo Gangrel, mfalme wa adui, amemteka Maribelle, mtabibu wa upande wako. Ricken, mchawi mdogo wa upande wako, anatokea kumwokoa, wote wawili wako mbali na jeshi lako, wamezungukwa. Mgeni anafanya nini? Anakimbiza jeshi zima mbele kwenda kuwaokoa. Kwenye Hard, kiwango kigumu, adui wa ziada wanaopanda wyvern (majoka yanayoruka) wanatokea na wanashambulia zamu hiyohiyo, kwa hiyo jeshi lililotawanyika linachanwachanwa. Fanya kinyume. Ricken ana uchawi wa upepo ambao unaua vitu vinavyoruka, na Maribelle anaweza kumtibu, kwa hiyo wabananishe pamoja, Maribelle umuweke nyuma ya Ricken kwa ule mfumo wa kuunganisha wawili kama akiba ya damu ni ndogo. Huku kwako Kellam na dirii lake zito msogeze mpaka aguse chumba kimoja tu cha mwisho ambacho adui anakifikia, wengine wote wakae nyuma ya mstari. Adui watamfuata Kellam, watamkwaruza, zamu yako ikija unao watatu au wanne wamejileta wenyewe, Virion na upinde wake anamaliza wyvern, mchezo umeisha. Huo mtindo wa kumtanguliza mmoja ndani ya chumba cha mwisho ndio utakaoutumia kwenye Fire Emblem lolote utakalowahi kushika.

Na Frederick, yule askari wa farasi unayekuwa naye tangu mwanzo wa Awakening, jamani. Anakuja na nguvu kuliko wote, unashawishika aue kila mtu. Anavyoua anapata uzoefu kiduchu sana kwa sababu ameshapanda daraja, wenzake wanabaki wachanga. Muweke nyuma ya Robin awe msaada, Robin ale uzoefu.

Sasa hizo krosova nyingine, yaani magemu yanayochanganya wahusika wa magemu tofauti kama Smash, kwa kifupi. Fire Emblem Warriors ya 2017 ni ya kufyeka maelfu ya watu, nzuri ukiwa umechoka kufikiri. Project X Zone 2 ina Chrom na Lucina wakichanganywa na watu wa kampuni za Sega, Capcom na Bandai Namco, hadithi haieleweki na sio lazima ieleweke. Tokyo Mirage Sessions ni ndoa na kampuni ya Atlus, vijana wa muziki Tokyo na Chrom yumo kama mzimu wa kusaidia, ni kitu cha ajabu na mimi nakipenda. Engage ya 2023 yenyewe ni krosova ndani ya ukoo, unavaa pete za mashujaa kumi na wawili kuanzia Marth mpaka Byleth, ramani zake tamu kweli, hadithi ni ya kuvumilia tu.

Ya kuwa nayo makini ni Fire Emblem Heroes ya simu, iliyotoka Februari 2017. Ni bure, ramani ni ndogo ya vyumba 6 kwa 8, timu ni watu wanne, na kwa kujifunza pembetatu ya silaha ukiwa kwenye daladala haina mpinzani. Ila mashujaa unawapata kwa bahati nasibu, duara moja la watu watano linakula tufe 20 (tufe ndio pesa ya ndani ya gemu), na yule unayemtaka anaweza asitoke. Ubelgiji sheria zao za kamari zilifanya gemu hili lifungwe kabisa kule 2019. Icheze, tufe za bure zinatosha kabisa kujenga timu, lakini kadi ya benki usiiunganishe na hiyo simu, na kama mdogo wako anaitumia weka nywila kwenye manunuzi leo hiihii.