Maji yanayorudi kifuani: kinyama hakina mbadala

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 69, tunaishi Tororo. Ujanani alikuwa fundi wa kuezeka, akikata na kutoboa mabati ya asbesto kwa miaka kama kumi na miwili. Tangu Krismasi kifua chake cha kulia kinajaa maji. Yametolewa mara tatu, kila mara karibu lita moja na nusu, na yana rangi ya damu. GeneXpert haikuona TB lakini alianzishwa dawa za TB, sasa ni mwezi wa nne na maji yamerudi. Maji yalipopimwa tuliambiwa "hakuna seli za saratani". Hospitali ya rufaa wanataka kuchukua kinyama, yaani kipande kidogo cha utando wa kifua cha kupimwa, ila wajomba wamekataa, wanasema saratani ikiguswa na chuma inaamka na kusambaa. Nimesoma kwamba siku hizi kuna kipimo cha damu cha mesothelioma, ile saratani ya utando wa pafu inayoletwa na asbesto, na dawa mpya za kuamsha kinga. Hatuwezi kupitia huko bila kumkata mzee?

JIBU: Marahaba. Hamwezi. Dawa hizo zipo kweli, lakini hakuna daktari makini atakayezianza bila kinyama, na tafiti za miaka hii zimefanya kinyama kihitajike zaidi kuliko zamani.

Nianze na wajomba, kwa sababu neno lao hilo hupoteza miezi ya wagonjwa kuliko upungufu wa dawa. Sindano ya kutolea maji ni chuma, na imeshaingia kifuani kwa mzee mara tatu bila mjomba yeyote kusimama mlangoni. Kama chuma kinaamsha saratani, basi imeshaamka. Chembe ya ukweli imo: mesothelioma, kuliko saratani nyingine nyingi, inaweza kuota pale sindano au mrija ulipopita. Kinachoota ni uvimbe chini ya ngozi, kwenye kovu, wakati mwingine unauma, na ukijitokeza unatibiwa kwa mionzi. Huo si ugonjwa kusambaa mwilini, na si unaoamua mgonjwa ataishi muda gani. Waingereza walilipima jambo hili kwa wagonjwa 203, matokeo yakatoka 2016. Waliopigwa mionzi mapema kwenye tundu, asilimia 9 waliota uvimbe ndani ya mwaka. Walioachwa hadi uvimbe uonekane, asilimia 16. Tofauti hiyo haikutosha kuthibitisha kwamba mionzi ya mapema inazuia kitu, na haikuwa sababu ya kumchoma kila mgonjwa. Kuamka kwenyewe ndiko huko.

Imani hii inaishi kwa sababu mgonjwa anafichwa nyumbani mwaka mzima, analetwa akiwa mifupa mitupu, anachukuliwa kinyama, anafariki baada ya wiki sita, kisha msibani kinalaumiwa kisu.

Kinachoharibu mambo ni kule kutoa maji kila mara bila kutafuta jibu. Utando unaofunika pafu na ule wa ukuta wa kifua huanza kugandana, na maji yanajigawa vyumba vyumba kama sega la nyuki. Kamera ya kifua, inayotumika kuchukua kinyama, inahitaji nafasi ya kuingia, na nafasi hiyo ndiyo hayo maji. Kwa hiyo msikubali kliniki ya mtaani iyakaushe siku mbili kabla ya miadi ya kamera. Mzee akishindwa kupumua, yatolewe ya kumpa nafuu tu: yasizidi lita moja na nusu kwa mara moja, na sindano isimame mara anapoanza kukohoa mfululizo au kubanwa kifua.

Kuhusu karatasi ya "hakuna seli za saratani": haijasema mzee hana saratani. Seli za mesothelioma ndani ya maji zinafanana mno na seli za kawaida za utando zilizokasirishwa na ugonjwa wowote, na aina moja ya saratani hii karibu haidondoshi seli kwenye maji. Mpatholojia, daktari anayesoma kinyama kwa hadubini, anataka kuona kama seli zimechimba hadi kwenye mafuta yaliyo chini ya utando. Maji hayana mafuta ya kuchimbwa.

Dawa za TB sizilaumu moja kwa moja. Hapa kwetu maji ya upande mmoja wa kifua mara nyingi kweli ni TB, na GeneXpert kwenye maji ya kifua hukosa wengi walio nayo, hivyo jibu la "hakuna" halimalizi ubishi. Lakini miezi minne ya vidonge bila kuruka, maji bado mekundu na yanajaa tena, kwa mtu aliyekata asbesto miaka kumi na miwili, ni zaidi ya sababu ya kutosha kuchukua kinyama. Tena maji ya TB mara nyingi hukauka yenyewe hata bila dawa, kwa hiyo hata nafuu isingethibitisha kitu. Asiache vidonge kwa uamuzi wenu; kinyama hichohicho kitajibu na swali la TB.

Sasa kazi yenyewe. Kwanza picha ya CT ya kifua yenye dawa ya mshipani, baada ya figo kupimwa. Utando uliozidi sentimita moja kwa unene, wenye vinundu, unaolizunguka pafu zima hadi upande wa moyo, unatia shaka kubwa. Kisha kamera: mgonjwa analala ubavu mzima ukiwa chini, ganzi inachomwa kati ya mbavu, anapewa dawa ya usingizi mwepesi, tundu la sentimita moja au mbili linafunguliwa na vipande kadhaa vinachukuliwa sehemu tofauti kwa kina. Kamera haipo? Sindano nene ya kukatia nyama, ikiongozwa na altrasaundi hadi kwenye unene wenyewe, inafaa sana. Kuchomwa kwa kubahatisha hakufai.

Halafu njiani ndiko kinyama kinakoharibikia, maana mara nyingi ndugu ndio wanaokibeba. Kutoka Tororo hadi maabara za Kampala ni zaidi ya kilomita 200. Vipande vya saratani vinaingia kwenye formalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, ya asilimia 10, angalau mara kumi ya ujazo wa nyama, chupa ya mdomo mpana, jina na tarehe kwenye chupa yenyewe na si kwenye kifuniko. Kipande cha TB kinakwenda chupa nyingine yenye maji ya chumvi ya hospitali, kwa sababu formalini inaua vijidudu na hakuna kitakachoota maabara. Chupa zisikae kwenye dashibodi juani, na cha formalini kifike ndani ya siku mbili. Nyama iliyosahaulika humo wiki tatu hugoma kushika rangi za kutambulisha seli. Na kwenye fomu iandikwe wazi: "alikata asbesto, miaka 12". Mpatholojia asiyeambiwa hilo anaweza asiagize rangi zinazohitajika.

Rangi hizo hazisomwi moja moja. Inatakiwa angalau mbili zinazoshika mesothelioma, kama kalretinini na WT1, pamoja na angalau mbili zinazopaswa kukataa, kama TTF-1 ambayo mara nyingi hushika saratani ya pafu lenyewe. Siku hizi huongezwa BAP1, protini ya kawaida ya seli: ikipotea ndani ya seli za utando, si mkasirisho tena, ni saratani.

Majibu yasirudi na neno "mesothelioma" peke yake. Yataje aina: epithelioidi, sarkomatoidi, au mchanganyiko. Utafiti wa CheckMate 743 uliwapa wagonjwa 605 ama nivolumab na ipilimumab, ama tibakemikali ya kawaida. Kwa jumla, nusu ya waliopata dawa za kinga walivuka miezi 18.1 wakiwa hai, wenzao 14.1. Ila ukiwatoa wenye epithelioidi, pengo linakuwa miezi 18.1 kwa 8.8. Kwa epithelioidi faida ilikuwa ndogo zaidi, 18.7 kwa 16.5. Dawa hizo ni ghali mno, na zinaweza kuwasha utumbo, ini au mapafu kiasi cha kulazwa. Msiuze shamba kabla ya kujua aina.

Tibakemikali ya pemetrexed na cisplatin, kila siku 21, bado ni tiba halali, na taasisi ya saratani pale Mulago ndiyo pa kuulizia. Asidi ya foliki inaanzwa wiki moja kabla, kila siku, na sindano ya vitamini B12 ndani ya wiki hiyo, kisha kila wiki tisa. Anayeruka hivi "kwa kuwa ni vitamini tu" hurudi na vidonda mdomoni na damu iliyoshuka. Diklofenaki na ibuprofeni za dukani wekeni mbali. Figo haziwezi kubeba vyote.

Mtu akiwaambia upasuaji mkubwa wa kubandua utando wote ndiyo tiba ya kisasa, mwambieni asome utafiti wa MARS 2 wa mwaka 2024: waliopasuliwa na kupewa tibakemikali, nusu walivuka miezi 19.3, waliopewa tibakemikali tu, 24.8.

Kipimo cha damu, mesothelini, kipo. Kinakosa wagonjwa wengi, na figo zikiwa mbovu kinapanda bila saratani. Husaidia kumfuatilia mgonjwa ambaye tayari ana kinyama mkononi. Anayewauzia kama jibu la mwisho anauza karatasi.

Huyo afadhali ana maabara. Kuna wa mashine ya kushika chuma mkononi, dakika moja kompyuta inatoa kurasa kumi za magonjwa kuanzia figo hadi "sumu kwenye mapafu". Kiganja hakina utando wa pafu. Kuna wa majani ya mstafeli, kuna wa unga wa "kusafisha mapafu", na wote wana dalili moja: hawaulizi majibu ya kinyama. Nyuzi za asbesto zilizojichoma kwenye utando miaka 30 au 40 iliyopita hazitolewi na chai, na hakuna hospitali duniani yenye dawa ya kuziosha. Baadhi ya miti hiyo hupiga ini na figo zilezile zitakazotakiwa kuhimili tibakemikali.

Na nyinyi mnaobaki chini ya mapaa hayo ya zamani: bati zima lililotulia lisisuguliwe kwa brashi wala kutobolewa kuning'inizia waya. Likibidi kushuka, aitwe mtu mwenye vifaa vya kazi hiyo, limwagiwe maji kwanza, misumari ing'olewe, literemshwe zima. Grinda hapana. Vipande visipondwe kujazia mashimo ya uani watoto wanakochezea, na ovaroli ya fundi isikung'utwe ndani wala kuchanganywa na nguo za nyumbani, kwa sababu wapo wake za mafundi wanaougua mesothelioma ambao hawakuwahi kupanda paa hata siku moja.