Dawa ya mzio mkali haifungiwi ofisini, mtoto aivae mwilini

Usikubali, dada. Hayo maneno ya mwalimu mkuu uliyoyanukuu, kwamba dawa zote za wanafunzi hukaa kwenye kabati la ofisi kwa usalama, ndiyo niliyoambiwa mimi mwaka wa kwanza, nikatia sahihi na kushukuru. Nilichotia sahihi nilikielewa siku dawa ilipohitajika na mwenye ufunguo hayupo. Mtoto alipona, lakini zile dakika sitaki mzazi mwingine azihesabu. Umeuliza mengi: mtoto wa miaka 8 mwenye mzio wa karanga abebeje kalamu ya adrenalini, yaani ile sindano yenye dozi tayari ndani, chakula cha shule kifanyweje, wazazi wenzako uwaambieje, na kama vidonge vya mzio vinatosha. Naanza na kabati.

Piga hesabu ya dakika. Uchunguzi wa vifo vya anafilaksia, yaani mzio mkali wa kuua, nchini Uingereza, uliochapishwa mwaka 2000, ulikuta kwamba kwa waliokufa kwa chakula, muda wa kati hadi pumzi au moyo kusimama ulikuwa dakika 30, maana yake nusu yao hawakufika hata hapo. Kwa sumu ya nyuki na nyigu ulikuwa dakika 15. Hizo 30 hazianzi mwalimu anapogundua, zinaanza mtoto anapomeza. Mtoto wa miaka 8 akiwashwa ulimi ananyamaza kwanza, anakunywa maji, anajikuna. Hapo kadhaa zimeshakwenda. Mwalimu anamtuma mwanafunzi ofisini. Karani ametoka. Ufunguo uko kwenye pochi ya mtu aliye kwenye kikao. Kabati likifunguliwa, ndani kuna mifuko ya dawa za watoto wengi, na huyo aliyetumwa hajui kalamu inafananaje. Kisha arudi nayo hadi uwanjani. Kila hatua peke yake ni dakika moja au mbili tu, ndiyo maana hakuna anayeona kosa hadi siku yenyewe.

Huko Ontario, Kanada, mwaka 2003 alifariki Sabrina Shannon, msichana wa miaka 13, baada ya kula chakula cha shuleni. Alikuwa na adrenalini yake, ila ilikuwa kwenye kabati lake, na ilipoletwa wakati ulikuwa umepita. Sheria iliyopewa jina lake ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2006, na inazitaka shule za huko ziwe na mpango wa kila mtoto mwenye mzio wa hatari. Kwa hiyo shule ikikuambia unadai kitu cha ajabu, waambie kuna mahali kimeandikwa kwenye sheria kwa sababu mtoto alikufa.

Hoja watakayokurudishia ni umri: "Mtoto mdogo hawezi kujidunga." Kweli, wengi wa umri huo hawawezi, na anayebanwa pumzi hata akiwa mkubwa asiachiwe kazi hiyo. Lakini kubeba ni jambo moja na kudunga ni jingine. Mtoto anavaa dawa, mtu mzima aliye karibu anadunga. Wakishachanganya hayo mawili wanapata sababu ya kuifungia ofisini. Wewe watenganishie kwenye barua: mtoto atavaa kalamu 2 muda wote, na walimu hawa wamefundishwa kuzitumia. Ofisi nayo iwe na akiba yake, kwenye kabati lisilofungwa kwa ufunguo. Akiba ni nyongeza, haichukui nafasi ya zile za mwilini.

Za mwilini nina maana ya mkoba mdogo wa kiunoni, wenye zipu, unaovaliwa juu au chini ya shati. Begi la shule halifai, maana mtoto akienda kucheza begi linabaki darasani, na kwenye safari linapakiwa chini ya basi. Ndani weka kalamu 2 za aina moja, kwa sababu kila aina ina hatua zake na mtu mwenye hofu hawezi kukumbuka mbili. Kama ana pumu, pampu yake ikae humo humo. Weka na kadi yenye picha yake, uzito, kitu kinachomdhuru, dalili, hatua na namba za simu. Kalamu ya mazoezi, isiyo na dawa wala sindano, isikae humo hata siku moja. Mtu akiitoa hiyo kwa bahati mbaya, ataamini amedunga.

Joto huharibu adrenalini. Iwe kwenye joto la kawaida la chumba, nyuzi 20 hadi 25, isiachwe ndani ya gari wala dirishani, na isiwekwe kwenye friji wala pamoja na barafu ya chakula. Mara moja kwa mwezi tazama kidirisha cha kalamu: dawa iwe angavu kama maji. Ikigeuka kahawia au kuwa na chembechembe, badilisha hata kama tarehe haijafika. Dozi inafuata uzito: kalamu ya miligramu 0.15 huandikiwa watoto wadogo, na mtoto akifika kati ya kilo 25 na 30 daktari huhamia 0.3. Watoto wanakua na karatasi haikui, kwa hiyo mpime kila muhula.

Kudunga kwenyewe ni kufupi. Kwa EpiPen, aina mojawapo ya kalamu hizi, shika kalamu kwa ngumi, kidole gumba kisikae juu ya ncha yoyote, kwa sababu wapo waliojidunga gumba kwa kuishika kichwa chini. Sindano hutokea upande wa rangi ya machungwa. Ng'oa kifuniko cha buluu kwa kukivuta moja kwa moja juu. Mlaze mtoto, ushike mguu wake imara, maana akirusha teke sindano inapinda au inamchana. Kandamiza upande wa nje wa paja, katikati, hata juu ya nguo, ila kwanza toa kilichomo mfukoni. Ukisikia mlio, hesabu sekunde 3 bila kuondoa. Aina nyingine huandikwa hadi 10, kwa hiyo soma iliyo mkononi mwako. Andika saa. Baada ya dakika 5 kama hakuna nafuu, dunga ya pili. Ndiyo maana ni kalamu 2.

Kuhusu vidonge, hapa ndipo nina hasira. Kuna mtu mwenye koti jeupe aliyeniambia nianze na kidonge cha mzio, nisubiri, na sindano iwe ya mwisho. Ushauri huo bado unatolewa, na umeandikwa kwenye fomu za shule kadhaa. Kidonge hicho, antihistamini, hupunguza mwasho na vipele. Hakifungui koo lililovimba, hakipandishi presha iliyoshuka, na huchukua nusu saa au zaidi kufanya kazi. Linganisha na zile dakika 30. Mbaya zaidi, vipele vikififia mwalimu anaona mtoto kapata nafuu, kumbe ndani hali inaendelea. Na si lazima vipele vitokee. Sauti kukwaruza, kukohoa mfululizo, kutapika ghafla, kulegea, mtoto kusema koo lina kitu: baada ya kula chenye karanga, hizo zinatosha kudunga. Wanaodhani ni pumu huanza na pampu. Adrenalini kwanza, pampu baadaye. Ile haraka haraka haina baraka iacheni nje ya lango la shule.

Kosa jingine linalotoka kwenye kabati lile lile ni kumtembeza. Mwalimu akijua dawa iko ofisini, anamshika mkono mtoto: twende. Mwenye anafilaksia akisimama au kutembea, damu inakwenda miguuni na moyo unakosa cha kusukuma, na wapo waliokata roho muda mfupi tu baada ya kuinuliwa. Alale chali, miguu iinuliwe. Akihema kwa shida akae, miguu imenyooshwa mbele. Akitapika au akizimia, alazwe ubavu. Dawa ndiyo imfuate, na hata akisema sasa niko sawa asisimamishwe. Gari la wagonjwa liitwe mara tu baada ya kudunga, kwa kuwa nguvu ya adrenalini huisha haraka na dalili zinaweza kurudi saa kadhaa baadaye.

Barua ya daktari iseme kwa maneno haya hasa: "Mtoto abebe mwenyewe, muda wote, kalamu 2." Ikiandikwa tu "apatiwe dawa inapohitajika", shule itasoma kabati. Chini yake yaandikwe majina ya walimu waliofundishwa, angalau watatu, na mmoja wao awe wa michezo. Kisha usiondoke hivi hivi. Omba siku moja wakati wa mapumziko, mtoto akiwa mwisho wa uwanja, umpe mwalimu kalamu ya mazoezi, ushike saa: kuanzia mtoto anaposema "koo lina kitu" hadi ncha iguse paja. Ikizidi dakika moja, uliza imepotelea wapi, mrekebishe hapo, mrudie siku hiyo hiyo.