Makala maelfu, ya mwani Zanzibar hakuna

SWALI: Shikamoo Mama Mkutubi. Niko mwaka wa tatu, naandika utafiti kuhusu kina mama wanaolima mwani Zanzibar. Nikitafuta JSTOR, ile hifadhidata ya makala za kitaaluma mtandaoni, naletewa makala maelfu, nyingi za Asia. Nifanyeje?
Mwanafunzi, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Naona kama unaandika swali zima, kama unavyoiuliza Google. Hifadhidata za maktaba hazitaki hivyo. Chagua maneno mawili matatu yenye uzito, uyaunge kwa AND ya herufi kubwa: "seaweed farming" AND Zanzibar AND women. Usisahau alama za kunukuu, ndizo zinazoyashika maneno mawili yasiachane.

Sasa sikiliza hili, maana wengi hukosea hapa na kukosa makala nzuri kabisa. Wanasayansi mara nyingi hawasemi seaweed. Wanaandika Eucheuma au Kappaphycus, mwani wenyewe unaolimwa Unguja na Pemba. Kwa hiyo andika: (seaweed OR Eucheuma OR Kappaphycus) AND Zanzibar. Mabano hayo ni ya lazima. Kilimo hiki cha biashara kilianza 1989, basi chuja miaka kuanzia hapo.

JSTOR peke yake haitoshi. Ingia AJOL, yenye majarida ya Afrika, utafute Western Indian Ocean Journal of Marine Science. Na ukikuta makala imefungwa, tafadhali usilipe! Mpelekee mkutubi wa chuo chako kichwa cha makala na jina la mwandishi, huenda chuo kimeshailipia.