Mtoto akicheza nesi, usimkatize

Kwa miaka kadhaa nilijitolea kucheza na watoto walioungua, katika wodi ya hospitali moja ambayo sitaitaja. Nasema "kucheza", na najua kuna msomaji ameshatabasamu. Hata wauguzi walitabasamu siku ya kwanza nilipotandika mkeka mwisho wa korido na kupanga vitu vyangu: mwanasesere wa matambara, mabomba ya sindano yasiyo na sindano, bandeji, visufuria vya bati, simu mbovu na beseni la mchanga. Mmoja akaniuliza, "Dada, kwa hiyo wewe utakuwa unawanyamazisha?" Nikamwambia hapana, kwangu watalia wakitaka.

Palikuwa na binti wa miaka sita, amemwagikiwa uji kuanzia begani hadi kwenye kiwiko. (Mambo mawili matatu nimeyabadilisha ili asitambulike.) Alikuwa hasemi na mtu yeyote aliyevaa nguo nyeupe, na siku ya kusafishwa kidonda kilio chake kilisikika hadi getini. Alikuja mkekani kimya, akachukua bomba, akaanza kumdunga mwanasesere. Mkononi, tumboni, machoni. Nilihesabu hadi thelathini na kitu nikaacha. Kisha akanigeukia: "Lete mkono." Nikaleta. "Haya, usilie!" akanifokea, kwa lafudhi ya nesi mmoja ambayo wodi nzima ingeitambua.

Hapo mkubwa huwa anajikuta anacheka au anatoa mawaidha. Mimi nilimnong'oneza: "Nilie au nisilie?" Akafikiri. "Lia kidogo."

Nikalia kidogo. Akanidunga tena.

Kama ningekuambia nilifanya yote vizuri ningekuwa mwongo. Wiki iliyofuata aliweka kisufuria juu ya mafiga ya vifuniko vya soda, akamsogeza mwanasesere, akakipindua. "Nani alikwambia uguse? Mtundu wewe!" Moyo ukanipasuka. Nikadakia hapohapo: "Lakini siyo kosa lake, eti? Ni bahati mbaya tu." Maneno mazuri kabisa, na ya kweli. Binti akamlaza mwanasesere kifudifudi, akainuka, akarudi kitandani kwa mama yake. Hakuja mkekani siku kumi.

Ilinichukua muda kuelewa nilichofanya. Alikuwa amefika pale penyewe panapouma, akiwa ndani ya mchezo ambamo anayefokewa si yeye. Mimi nikamtoa humo nikamsimamisha uchi mbele ya jambo lenyewe, kwa sababu mimi ndiye niliyeshindwa kuvumilia.

Mwanasaikolojia Mmarekani Virginia Axline aliandika mwaka 1947 kanuni nane za tiba kwa michezo, yaani kumsaidia mtoto atoe yanayomuuma kwa njia ya mchezo. Mbili kati ya hizo ndizo nilizozivunja siku ile: mtoto ndiye anayeongoza na mkubwa hufuata, na kazi hii haiharakishwi. Nilikuwa nimezisoma. Lakini kusoma ni kitu kimoja, na kukaa mkekani ukimsikia mtoto akijitukana ni kingine.

Aliporudi, akapindua sufuria tena, akafoka tena. Safari hii nilitaja nilichokiona tu: "Anafokewa." Kimya. Halafu akasema, "Na mkono unamuuma." Nikarudia, "Anafokewa, na mkono unamuuma." Akachukua bandeji akamfunga, taratibu, akizungusha hadi kwenye kiwiko. Basi. Hakuna muujiza uliotokea, na kidonda kiliendelea kuuma, maana mchezo haukai mahali pa dawa ya maumivu. Ila kabla ya kusafishwa tena alimwomba nesi amsafishe kwanza mwanasesere. Nesi yuleyule wa kufoka. Akakubali, Mungu ambariki.

Kwa mzazi anayetaka kujaribu nyumbani: huhitaji duka la vitu vya kuchezea. Mwaka 1928 daktari Margaret Lowenfeld alifungua kliniki ya watoto London, akawa na sanduku la vikorokoro na sinia la mchanga. Watoto wenyewe ndio waliovichanganya, wakajenga humo walichokiita "dunia". Mchanga tunao, tena wa bure. Tafuta beseni pana, udongo wa mfinyanzi, wanyama wa plastiki, matambara, makopo. Vya betri viache, vinacheza vyenyewe. Simu mbovu usiitupe. Sijui kifaa kingine ambacho mtoto hukitumia haraka hivyo kuzungumza na bibi aliyefariki.

Tenga nusu saa kwa wiki, siku ileile, pahali palepale, simu yako ikiwa chumba kingine. Mwambie anaweza kucheza apendavyo, ila watu hawapigwi. Zikibaki dakika tano mtaarifu. Katikati ya hapo kazi yako ni ngumu kuliko inavyoonekana: usimfundishe, usimsahihishe, na usimuulize "Hiki ni nini?" Akichora ng'ombe mwenye miguu sita, ana miguu sita. Hata kusifia punguza, kwa sababu ukisema "Umechora vizuri!" kesho atachora kukufurahisha wewe.

Wengi wetu tunawatimua watoto wanaojipikilisha uani, hasa wakicheza mazishi. "Mnatafuta uchuro!" Naomba tuwaache. Mtoto aliyetoka kuzika baba anacheza mazishi kwa sababu siku ile yenyewe alifungiwa kwa jirani na hakuna aliyemweleza kitu.

Kuna mahali lakini nusu saa yako haitoshi. Mtoto asiyelala, aliyeacha kula, aliyerudi kukojoa kitandani baada ya msiba, anahitaji mtu aliyesomea. Na mchezo ukikuonyesha kwamba kuna mtu mzima anamdhuru, usigeuke askari ukamhoji. Andika alichosema kwa maneno yake mwenyewe, kisha nenda kwa afisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto polisi, au piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure. Hapa Tanzania Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka mwanajamii atoe taarifa. Hilo siyo umbea.

Mama wa yule binti alikuwa akinivizia mlangoni kila nikimaliza: "Leo kasema nini kuhusu mimi?" Alikuwa ndiye aliyeuacha uji ule jikoni, na kwa siku zote zile hakuna aliyemuuliza yeye anaendeleaje. Siku moja nilimwambia, "Mama, njoo ukae." Hakuzungumza. Aliushika udongo, akautengeneza kijungu, akaubonyeza, akatengeneza tena, hadi chai ya saa kumi ikapita.

Waliporuhusiwa, mwanasesere alibaki kwangu na bandeji yake imezungushwa hadi kwenye kiwiko. Niliona uchungu kuifungua. Mtoto aliyefuata aliinyofoa yote siku ya kwanza, akaanza kufunga mguu.